Moyo wa mji uko mikononi mwa majirani: maneno kwa vijana wa Kalemie



Munajua juu ya nini tuko hapa. Mwezi wa Desemba 2025, siku chache tu baada ya marais kutia sahihi makubaliano ya amani kule Washington, M23 waliingia Uvira. Kisha tukaona boti zinafika huku kwetu na familia nzima: mama na magodoro, watoto bila viatu, wazee wasiojua watalala wapi. Tangu siku ile, kila mtu hapa mjini anajiuliza swali moja, hata kama hasemi kwa sauti: na siye je? Bomu likianguka Kalemie, tutafanya nini?

Hatukuja kuwaambia musiogope. Mwenye kusema haogopi bomu, ama ni mwongo, ama hajawahi kulisikia. Woga ni kitu ambacho Mungu alitupa ili tukimbie moto. Lakini woga ni kitu kimoja, na kuvunjika moyo ni kitu kingine. Mtu mwenye woga anaweza bado kuchota maji, kubeba mtoto wa jirani, kufunga kidonda. Mtu aliyevunjika moyo anakaa chini, anasubiri. Na mji uliovunjika moyo unaanza kujila wenyewe kabla adui hajafika. Ni juu ya hiyo tunaongea leo.

Kwanza tukumbuke tuko wapi. Huu mji si mgeni kwa vita. Zamani uliitwa Albertville, na mwezi wa Agosti 1914 meli ya Wajerumani, Hedwig von Wissmann, ilikuja kupiga hapa kwenye mdomo wa Lukuga. Mwaka uliofuata Waingereza walileta boti mbili ndogo, Mimi na Toutou, zikavutwa nchi kavu, milimani na porini, na Waafrika wengi ambao majina yao hakuna mtu aliyeyaandika. Mwaka wa 1916 Wabelgiji wakaleta ndege zinazotua juu ya maji, zikaruka kutoka upande wetu, kule Mtoa, zikaenda kutupa mabomu Kigoma. Kigoma ile ile tunakonunua bidhaa, tuliko na wajomba na mashemeji. Watu wa ziwa hili wamekuwa chini ya mabomu kwa vita ya wafalme wa mbali ambao hawakuwahi hata kuonja ndagala zetu.

Mwaka wa 1964 mji uliangukia mikononi mwa waasi wa Simba mwezi wa sita, jeshi likaurudisha mwishoni mwa mwezi wa nane. Mwezi wa nane 1998 RCD wakaingia, na mwezi wa Novemba mwaka ule ndege za kivita za Zimbabwe zikapiga boti za waasi juu ya ziwa. Wazazi wetu walipita humo. Hatusemi hivyo ili kusema "tumezoea". Hapana! Mtu hazoei vita. Tunasema hivyo juu ya jambo moja: kila mara, wakubwa walibadilika, bendera zikabadilika, lakini soko lilifunguka tena, wavuvi wakarudi ziwani, watoto wakarudi darasani. Ni nani alifanya hiyo? Haikuwa serikali. Ilikuwa wamama, wavuvi, walimu bila mshahara, na vijana.

Sasa tuulize: bomu kwenye mji linatafuta nini? Linaua, ndiyo. Linabomoa. Lakini mwenye kulituma anatafuta kitu kikubwa kuliko nyumba moja. Anatafuta mtu aliye kilomita tano kutoka pale, ambaye hakuguswa na chochote, aseme: yamekwisha, tukimbie, ama tukubali lolote. Bomu linaanguka avenyu moja, woga wake unaanguka mji mzima. Na siku hizi woga huo una mwendo wa haraka kuliko ndege: uko kwenye simu yako.

Tuchukue mfano wa mbali kidogo. Kuanzia tarehe 7 Septemba 1940, ndege za Wajerumani zilipiga London usiku 57 mfululizo. Mpaka mwezi wa tano 1941, raia zaidi ya 40,000 walikuwa wamekufa katika miji ya Uingereza. Kabla ya vita, wakubwa wa kule waliogopa kwamba watu watapata wazimu, kwamba mji utavunjika katika siku chache. Wakachapisha mabango ya kutia moyo. Bango moja liliwaambia raia kwamba ujasiri wao na furaha yao ndivyo vitatuletea siye ushindi. Watu wengi lilichukiza. Walisema: ujasiri ni wetu, lakini hao "siye" wa kupata ushindi ni nani? Bango lingine, lile la kuwaambia watu watulie na kuendelea, ambalo leo munaliona kwenye vikombe na fulana, lilichapishwa kwa mamilioni, lakini wakati wa vita karibu halikubandikwa popote.

Sasa ni nini kilishika mji? Watu walitaka kulala ndani ya stesheni za treni za chini ya ardhi. Serikali mwanzoni ilikataa. Watu wakanunua tiketi za treni, wakashuka chini, wakakataa kutoka. Mwishoni serikali ikakubali, ikaweka vitanda, vyoo na chakula. Munaona? Moyo haukutoka kwenye bango. Ulitoka kwa watu waliotafuta mahali pa kulaza watoto, wakalazimisha wakubwa wawafuate. Tukumbuke hiyo kila mara mtu wa Kinshasa anatuambia kwenye televisheni "raia wawe watulivu" bila kutuonyesha hata tangi moja la maji.

Turudi kwetu. Kisangani, tarehe 5 mpaka 10 Juni 2000. Majeshi mawili ya kigeni, la Rwanda na la Uganda, yalipigana katikati ya mji wa Kongo. Siku sita. Mabomu zaidi ya 6,600. Watu walijifungia nyumbani bila maji, bila moto, maiti zikiwa barabarani. Vita ilipokwisha, watu wa Kisangani walifanya kitu ambacho tunapaswa kukijifunza: waliandika. Nani alikufa, wapi, siku gani, nyumba ipi ilibomoka. Mwaka wa 2005 Korti ya Kimataifa ya Haki, kule La Haye, ilisema Uganda ina kosa mbele ya Kongo. Mwaka wa 2022 ikaamuru Uganda ilipe dola milioni 325. Ni kidogo, na imechelewa sana, na wahanga wengi wamekufa wakisubiri. Lakini bila kumbukumbu za raia, mambo mengi ya siku zile yangezikwa pamoja na wafu.

Na Goma. Tarehe 3 Mei 2024 mabomu yaliangukia wakimbizi wa ndani kule Mugunga na Lac Vert, watu ambao tayari walikuwa wamekimbia mara mbili, mara tatu. Mwisho wa Januari 2025 vita ikaingia mjini kwenyewe. Hakukuwa na moto, hakukuwa na maji ya bomba, intaneti ilikatwa. Umoja wa Mataifa ulihesabu karibu maiti 3,000. Nani alikuwa barabarani kuokota wafu? Vijana wa Msalaba Mwekundu. Nani alipika kwa ajili ya wageni waliojaa kwenye uwanja? Wamama wa avenyu. Ndugu zetu wa kule hawakuwa watu wa ajabu. Walikuwa majirani waliojuana kabla ya siku ile.

Hapo ndipo tunataka kufika. Siku ya bomu si siku ya kuanza kujuana. Tunachojenga leo, siku ya utulivu, ndicho tutakachoshika siku ya moshi. Siye vijana tunapendekeza kazi saba. Hazihitaji pesa ya mradi, hazihitaji fulana.

Ya kwanza: tulinde habari. Sauti ya WhatsApp ya mtu usiyemjua, inayosema "wako hapa karibu, kimbieni", inaweza kuua. Mtu anaingia usiku kwenye boti iliyojaa, bila jaketi la kuokoa. Tumeona tarehe 3 Oktoba 2024 kwenye ziwa Kivu: boti Merdi, iliyotoka Minova, ilizama karibu na bandari ya Kituku, juu vita ilikuwa imefunga barabara na watu wote walijazana majini. Ziwa letu ni pana kuliko lile, na upepo wake munaujua. Kwa hiyo, kabla ya kutuma, jiulize maneno matatu: nani ameona kwa macho yake? Wapi hasa? Saa ngapi? Kama huna majibu, habari ifie kwenye simu yako. Na kila kartie iwe na watu wawili ama watatu wenye kuaminika, wa kuuliza, wa kusikiliza redio, wa kurudisha jibu. Lakini musifiche habari mbaya pia. Kumwambia mtu "hakuna kitu" wakati kitu kiko, ni kumwibia saa za kujiokoa. Na siku ile moja akijua ulimdanganya, hatakuamini tena hata ukisema kweli.

Ya pili: tujue avenyu yetu. Nani ni mzee asiyeweza kutembea? Nani ana mimba ya miezi minane? Nani anatumia fimbo, nani haoni, nani analea wajukuu peke yake? Chukua daftari, pita nyumba kwa nyumba, mjue. Kisha mupange: wewe na fulani mutambeba bibi huyu. Familia nayo ichague mahali pa kukutana kama watu watatawanyika, na mtoto mdogo afundishwe jina lake lote, jina la mama yake na namba moja ya simu, kwa kichwa. Mtu akijua kwamba kuna mwenye kumkumbuka, anapumua. Huo ndio moyo, hauna siri nyingine.

Ya tatu: tujue la kufanya mlio ukisikika. Ukiwa nje, lala chini kabisa, kifua kwenye udongo, funika kichwa kwa mikono. Vipande vya chuma vinaruka juu na pembeni, kwa hiyo aliye chini ana nafasi kuliko anayekimbia. Ukiwa ndani, ondoka dirishani, kaa mahali ambapo kuna kuta mbili kati yako na nje. Bomu likisha kuanguka, musikimbilie kwenda kupiga picha! La pili linaweza kufuata njia ya la kwanza. Na kitu chochote cha chuma usichokijua, porini ama barabarani, usiguse, usipige teke, weka alama mbali, itisha watu. Watoto waambiwe hiyo kila wiki. Tunaomba pia motari na wanafunzi wa uuguzi waende kujifunza kufunga damu. Damu haingojei gari la hospitali.

Ya nne: maji. Hapa kwetu kipindupindu hakihitaji vita ili kije, tunaishi nacho. Siku mabomba yakikauka, kila mtu ataenda ziwani na bidoni, na pale ziwani wengine wanaoga, wengine wanafanya mengine. Mji unaweza kupona mabomu na kufa kwa kuhara. Kila nyumba iwe na bidoni mbili zilizojaa na kufunikwa, zisiguswe isipokuwa shida. Maji ya ziwa yachemshwe ama yatiwe klorini. Makala kidogo yawekwe pembeni kwa ajili ya hiyo. Choo kichimbwe mbali na kisima. Tunajua si kila nyumba ina nafasi ya kuweka akiba. Mwenye bidoni nne aangalie mwenye moja.

Ya tano: watoto. Mtoto anasoma vita kwenye uso wa mama yake. Ukimfungia mlango na kumwambia "nyamaza", atajaza mwenyewe kile asichokijua, na atakijaza kwa kitu kibaya zaidi. Mwambie kwa maneno madogo, ya kweli: "Kuna vita, tuko pamoja, tukisikia kishindo tutafanya hivi." Kisha mpe kazi: wewe ni mwenye kubeba tochi. Na kama shule imefungwa, tukusanye watoto kumi kumi kwenye kiwanja, asubuhi hesabu na kusoma, jioni mpira na hadithi. Kitu cha kila siku kwa saa ile ile ni dawa. Hata kwa wakubwa. Mama anayefungua meza yake ya sombe na ndagala asubuhi baada ya usiku mbaya, yule anafanya kazi ya mwanajeshi bila bunduki.

Ya sita ni ngumu, na tunaomba mutusikilize bila makelele. Chuki. Kila mara mji ukipigwa, kuna mtu anasimama na kusema: "Adui yuko kati yetu, angalieni sura, angalieni jina, sikilizeni anavyoongea." Kisha jirani aliyezaliwa hapa anapigwa mawe juu ya pua yake. Siye watu wa Tanganyika tunajua njia hiyo inaenda wapi. Tumeona Watwa na Waluba wanachomeana vijiji, tumeona mazuri ya miaka mingi yanakuwa majivu, tumeona kambi zinajaa kando ya mji wetu. Hatuna haja ya somo la pili. Mtu akifanya kosa, kuna polisi na korti. Lakini hakuna kosa linaloitwa sura. Anayekutumia sauti ya kuwinda watu anamfanyia adui kazi yake bure, juu mji unaopigana ndani hauhitaji bomu.

Na wale waliofika kutoka Uvira, Fizi na Baraka si mzigo wa kutupwa pembeni. Bei ya nyumba imepanda, ndiyo. Bei ya unga imepanda, tunanunua sokoni kama nyinyi. Lakini mwenye kupandisha bei si yule mama aliyelala kanisani. Hao watu wamesikia mabomu tayari. Wanajua la kufanya. Tukae nao, tuwaulize, watufundishe. Kesho siye ndio tunaweza kuwa ndani ya boti.

Ya saba: tuandike. Daftari lile la avenyu liwe pia kumbukumbu. Tarehe, saa, mahali, majina, kilichoonekana. Bila kuongeza, bila kupunguza. Usibandike kwenye mitandao picha ya maiti ya mtu, ana mama. Usiandike wala kutuma mahali jeshi lilipo, unaweza kuita bomu juu ya kartie yako mwenyewe. Lakini tuweke. Kisangani ilingoja zaidi ya miaka 20, na karatasi ndizo zilizosema.

Sasa neno kwa wakubwa wetu, wa mji, wa jimbo na wa Kinshasa. Munatuomba utulivu. Sawa. Siye tunawaomba ukweli. Mukijua hatari iko, semeni mapema, kwa Kiswahili, kwa redio, si kwa karatasi ya Kifaransa inayobandikwa mlangoni pa ofisi. Sheria ya vita iko wazi: silaha na wanajeshi wasiwekwe katikati ya raia, shule si kambi, hospitali si ghala la masasi. Lindeni bandari ili mtu asiuze nafasi ya boti kwa bei ya uhai. Lipeni walimu na wauguzi, juu hao ndio wanasimamisha mji ukitetemeka. Na familia za viongozi zisitangulie kuondoka usiku huku raia wanaambiwa wabaki. Hakuna hotuba inayoweza kushona moyo uliopasuliwa na kitu kama hicho.

Kuna kijana alituuliza: kama nitaondoka na watoto wangu, mimi ni msaliti? Hapana, ndugu. Kuokoa watoto si usaliti. Ondoka mchana, kwa boti isiyojazwa, uage majirani, uachie mtu ufunguo. Na anayebaki, abaki kwa sababu ameamua, amejipanga, ana watu. Asibaki juu ya aibu. Mji hauvunjiki kwa sababu wengine wameondoka. Unavunjika wakati aliyeondoka na aliyebaki hawaulizani tena habari.

Ndugu vijana, hatuwezi kuahidi kwamba hakuna kitakachoanguka hapa. Mwenye kuahidi hivyo anauza upepo. Tunachoweza kuahidi ni kwamba hakuna mzee wa avenyu yetu atakayesahauliwa ndani ya nyumba, hakuna mtoto atakayekosa mkono wa kushika, na hakuna jina litakalopotea bila kuandikwa. Hiyo iko ndani ya uwezo wetu, leo, kabla ya jua kushuka.

Kwa hiyo tukitoka hapa, tusiende moja kwa moja nyumbani. Kila mmoja abishe mlango mmoja ambao hajawahi kubisha kwenye avenyu yake. Aseme jina lake. Aulize: "Muko wangapi humu ndani, na nani anahitaji kubebwa?" Aandike. Jumapili ijayo turudi hapa na madaftari, tuhesabu pamoja.

Kalemie ni yetu, tuichunge.